Kompyuta Zilizosingiziwa Kuungua

Hosiana Mageni alisingiziwa kuunguza kompyuta kumi na mbili. Hakusingiziwa kwa maneno ya kijiweni, ambayo husahaulika jua likizama. Alisingiziwa kwa maandishi, katika taarifa ya kurasa mbili iliyopigwa muhuri, iliyosema kwamba mashine za shule "zimeungua na hazifai tena kwa matumizi, kutokana na uzembe wa mhudumu". Aliyeiandika alikaa ndani ya chumba cha kompyuta kwa dakika zisizozidi arobaini. Hakufungua kasha hata moja. Hakusoma hata mstari mmoja wa yale ambayo mashine zenyewe zilikuwa zimeandika kuhusu maradhi yao. Alibonyeza kitufe, akaona weusi, akaandika jina la mwanamke.

Shule yenyewe ni sekondari ya kata, mwendo wa dakika ishirini kwa pikipiki kutoka Bugarama. Kompyuta hizo ziliifikia mwaka 2022, pale kampuni moja ya kuchora ramani za migodi ilipofunga ofisi yake Kahama na kugawa vitu vyake. Zilikuja zikiwa na mfumo wa Linux, ambao walimu wengi pale hawakuwahi kuuona, kwa hiyo kila mmoja alitafuta sababu ya kutozigusa. Mwalimu wa hesabu alikuwa na vipindi vingi. Mwalimu wa fizikia alikuwa na macho mabovu. Zikamwangukia Hosiana, mhudumu wa maktaba, kwa sababu moja tu: ndiye pekee aliyeweza kupiga chapa kwa vidole vyote kumi bila kutazama kibodi.

Ujuzi huo aliupata kwa jasho. Alizaliwa Ushetu, katika nyumba ya wakulima wa tumbaku, akajifunza tapureta mjini Kahama akiwa na miaka kumi na tisa, kisha akapiga chapa barua za watu kwa miaka kumi na saba. Mwalimu wake wa tapureta alikuwa mkali. Alimfundisha kuhakiki kila ukurasa kwa kuweka rula chini ya mstari, akiusoma neno kwa neno, na kutoisogeza rula mpaka mstari ule umekwisha kabisa. Hosiana alifika umri wa miaka arobaini na sita bado akisoma hivyo, hata gazeti, hata maandishi ya kwenye skrini. Walimu vijana, waliomwita Mama Esta kwa jina la mwanawe, walimcheka.

"Mama Esta, unapima nguo?" walimwuliza.

"Napima akili zenu," aliwajibu, "ila rula imekuwa ndefu mno."

Shule ilipofunguliwa Jumatatu tarehe 13 Januari 2025, alikifungua chumba chake kwa furaha ya mtu anayerudi nyumbani. Likizo nzima ya Desemba mafundi walikuwa wakibadilisha mabati, na mlinzi ndiye aliyebaki na ufunguo. Hosiana alifuta vumbi, akawasha kompyuta ya kwanza. Feni ikavuma, jina la kiwanda likatokea, herufi zikakimbia kwenye skrini, kisha pakawa peusi. Juu kabisa, pembeni kushoto, kijistari kimoja cheupe kikabaki kikikonyeza. Akawasha ya pili: vilevile. Mpaka ya kumi na mbili, ikawa vilevile. Siku hiyohiyo akatoa taarifa kwa mkuu wa shule, Mwalimu Herman, kama ilivyompasa. Laiti angejua kwamba kusema kwake mapema ndiko kungemfanya awe mtuhumiwa wa kwanza.

Mtaalamu aliletwa Alhamisi kutoka mjini. Jina lake Sostenes, kijana wa miaka kama thelathini, kitambulisho kikining'inia kifuani na begi zuri mgongoni. Aliingia bila kutoa shikamoo.

"Mama, ulizizimaje hizi mashine?"

"Kwa utaratibu wake, baba. Nilizifunga moja moja, ndipo nikachomoa umeme."

"Umeme wa huku unajulikana. Zimepigwa shoti."

"Shoti gani inayoacha mashine ikiitika?" Hosiana alinyoosha mkono, akabonyeza kitufe cha herufi kubwa. Taa ndogo ya kibodi ikawaka. Akabonyeza tena, ikazimika. "Umeona? Ukiiita, inasikia."

"Mama, taa ni taa. Shule inataka picha."

"Na herufi zinazopita mwanzoni, nazo zimeungua?"

Sostenes alimtazama Mwalimu Herman, akatabasamu lile tabasamu la wanaume wawili waliokubaliana kuvumilia jambo. Akaandika.

Jumatatu iliyofuata Hosiana alipewa barua. Alitakiwa kujieleza mbele ya bodi ya shule Ijumaa tarehe 24 Januari. Kama bodi isingeridhika, mkataba wake ungekoma siku hiyo, na chumba kingefungwa mpaka wapatikane wafadhili wengine. Aliisoma barua hiyo kwa rula, mstari kwa mstari. Alipomaliza hakulia. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa mkuu wa shule.

"Mwalimu, shikamoo." Herman alikuwa amemzidi miaka michache.

"Marahaba, Mama Esta. Jamani, mimi sina ugomvi na wewe. Mtaalamu ameandika, nami siwezi kumpinga mtaalamu."

"Sikuombi umpinge. Naomba siku mbili ndani ya chumba."

"Ukiziharibu zaidi?"

"Mwalimu, si imeandikwa zimeungua? Kilichoungua kinaharibikaje tena?"

Herman alifungua droo, akampa ufunguo. Si mtu mbaya. Ni mmoja wa watu wengi wanaoamini muhuri kuliko wanavyomwamini mtu waliyefanya naye kazi miaka mitatu, na watu wa namna hiyo hutuumiza bila hata kutuchukia.

Jumanne asubuhi Hosiana alijifungia na kompyuta namba moja, daftari na rula. Jambo ambalo Sostenes hakulijua, au alilijua akaona uvivu kulijaribu, ni kwamba katika Linux picha ni kazi ya programu moja tu kati ya nyingi. Madirisha, rangi na mshale wa kipanya huchorwa na programu hiyo. Chini yake mashine huendelea na shughuli zake kwa herufi tupu. Mchoraji akishindwa kuamka, nyumba haijaanguka. Hosiana alilisoma hilo zamani katika kitabu cha maelekezo kilichokuja na mashine, kitabu ambacho mtu mwingine yeyote pale shuleni angefungia maandazi. Akashika vitufe vya Control na Alt kwa pamoja, akabonyeza F3.

Weusi ukaondoka. Ukaja ukurasa wa herufi nyeupe, ukimwomba jina lake na neno la siri.

Alicheka peke yake. Hapakuwa na picha, hapakuwa na rangi. Palikuwa na herufi na nafasi ya kuandika, na kwa mwanamke aliyekulia kwenye tapureta ule haukuwa ugonjwa. Akaandika jina, akaandika neno la siri, akapokewa. Akaiamuru mashine iwashe picha. Ikajaribu, ikashindwa, ikamjibu kwa Kiingereza chake kikavu kwamba hakuna skrini iliyopatikana.

"Ala!" Hosiana aliiambia. "Na hayo maneno yako nayasomea wapi, ukutani?"

Lakini dhihaka haikumpotosha. Mashine haikuwa kipofu. Mchoraji wake ndiye aliyesema hana pa kuchorea, na kila mara anaposhindwa huandika sababu zake katika kumbukumbu. Hosiana akaifungua kumbukumbu hiyo. Ilikuwa na mistari zaidi ya mia tatu. Mingi ilikuwa salamu na majigambo ya programu, na mtu mwenye haraka angekata tamaa kwenye ukurasa wa pili. Yeye aliweka rula kwenye kioo, akaanza kushuka. Mistari yenye makosa ilikuwa na alama yake, herufi E mbili ndani ya mabano, na kila alipoikuta aliinakili daftarini kwa mwandiko mzuri. Ilipofika saa nne alikuwa na mistari mitano. Yote ilisema jambo lile lile kwa maneno tofauti: mchoraji ameambiwa atumie kadi ya picha ya aina fulani, iliyo katika nafasi fulani ya mashine, amekwenda kwenye nafasi hiyo, hajakuta kitu.

Ameambiwa na nani? Alirudi juu ya kumbukumbu na rula yake, akaona jina la faili la maagizo. Akalifungua. Lilikuwa limeandikwa mwaka 2019 na fundi wa ile kampuni ya ramani, na jina lake lilikuwa pale juu. Wachora ramani walihitaji kadi kubwa za picha, kwa hiyo fundi akaagiza: tumia kadi hii, nafasi hii, usitafute nyingine. Agizo lilikuwa zuri kwa ofisi yake. Mashine ilikuwa bado inamtii mtu aliyekwishaondoka miaka mingi.

Basi kadi iko wapi? Alichukua bisibisi, akafungua kasha. Ndani palikuwa na vumbi jekundu la miaka, limetanda kila mahali isipokuwa kwenye mwanya mmoja mrefu wa kuchomekea kadi, ambao ulikuwa safi kabisa. Kadi ilikuwa imeng'olewa. Kebo ya skrini ilikuwa imehamishiwa kwenye tundu lingine, lile dogo la mashine yenyewe, ndiyo maana herufi zilionekana. Akafungua la pili. La tatu. Mpaka la kumi na mbili, kila mwanya ulikuwa mtupu.

Aliketi kwenye kiti cha mwanafunzi. Asubuhi alikuwa mzembe. Sasa, kama angeyasema haya bila kuyakamilisha, angekuwa mwizi. Kadi kumi na mbili hazipotei zenyewe katika chumba chenye mlinzi mmoja na ufunguo mmoja. Na ufunguo huo, kwa wiki nne za Desemba, ulikuwa kwa Donatus.

Donatus alikuwa amekaa kwenye kibanda cha getini, akichonga mpini wa jembe. Kabla ya kuwa mlinzi alifanya kazi miaka tisa kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, upande wa Bulyanhulu. Mtu aliyekaa huko miaka tisa haoni kitu cha njano kikimeremeta akakipita.

"Mwadila, Mama Esta," alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila. Donatus, kadi zangu ziko wapi?"

Kisu kilisimama kwenye mpini. "Kadi zipi?"

"Zile zenye meno ya njano."

Alitazama lango kana kwamba lingemsaidia. "Kumbe na wewe ulijua yana dhahabu," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyeshtuka kwamba siri ina wabia.

"Najua sasa hivi, kwa uso wako."

"Mayu, mama yangu, sikiliza. Fundi wa mabati aliniomba nisogeze mashine, zisije zikamwagikiwa maji. Moja ikafunguka ubavu. Nikachungulia, nikaona kitu kimejaa meno ya njano, kimechomekwa tu, hakijafungwa kwa nati za maana. Nikasema hii mali imelala bure! Shule yenyewe haijui. Nikachomoa. Ile waya ya nyuma nikaitafutia tundu jingine linalolingana nayo, ikaingia vizuri. Nikawasha, nikaona herufi zinatembea. Nikasema, haya, mzima huyu, hakuna aliyeumia."

"Hukungoja uone zinatembea kwenda wapi?"

"Sikungoja."

"Halafu?"

Akasimulia, na kadiri alivyosimulia ndivyo alivyozidi kuwa mdogo. Alikata yale meno kwa koleo, akayatwanga, akayaosha kwenye karai nyuma ya nyumba, akatia zebaki kama alivyozoea, akachoma. Alitarajia kupata cha kujengea. Dhahabu ya kadi ni utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Kilichobaki kwenye kigae hakikuelemea hata mizani ya dalali.

"Yule dalali alinitazama," Donatus alisema, "akaniuliza kama nimemletea jino la panya."

Hosiana alitaka kukasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Badala yake kicheko kilimtoka, kirefu, mpaka akashika nguzo ya kibanda. Donatus naye akacheka, kwa woga. Kisha Hosiana akamnyooshea kidole.

"Karai hilo usiogeshee mtoto. Umesikia? Lizike. Na sasa nisikilize vizuri. Mimi nimeandikwa mzembe kwa sababu ya meno yako. Ijumaa bodi inanitoa kazini."

"Sikujua, Mama Esta. Haki ya Mungu, nilidhani mashine ni mbovu kwa sababu nyingine. Walisema shoti."

"Walisema. Ijumaa wataniuliza kadi ziko wapi. Ama utasema mwenyewe, ama nitasema mimi. Lakini sitanyamaza. Nimenyamaza vya kutosha."

Donatus alikichoma kisu kwenye ubao wa kiti chake. "Nitasema," alijibu. "Ila unisaidie na mkuu asinifukuze."

"Nitasema ulifanya ujinga, hukufanya uovu. Zaidi ya hapo, jitetee mwenyewe."

Kazi ya Jumatano ilikuwa tamu. Hapakuhitajika kadi mpya. Kila kompyuta ilikuwa na uwezo wake mdogo wa kuchora picha, ndani ya mwili wake, unaomtosha mwanafunzi. Ilizuiwa tu kuutumia na lile agizo la zamani. Hosiana hakulifuta faili. Mpiga chapa hachani nakala ya mtu. Alilibadilisha jina, ili mashine isilione lakini binadamu aweze kulisoma, kisha akaizima na kuiwasha kompyuta namba moja. Herufi zikakimbia. Pakawa peusi. Kijistari kikakonyeza mara mbili. Halafu skrini ikapata rangi ya samawati, mshale ukatokea katikati, na sehemu ya kuingilia ikamsubiri kwa adabu.

"Wabeja," aliishukuru kwa Kisukuma, na akaenda kwenye namba mbili.

Zilifuata moja baada ya nyingine, mpaka namba tisa ilipokataa. Alirudia hatua zilezile, ikabaki nyeusi. Mtu mwingine angesema hiyo ndiyo iliyoungua kweli. Hosiana alirudi kwenye herufi, akafungua kumbukumbu, akaweka rula. Mchoraji alikuwa bado anatafuta ile kadi, ila safari hii maagizo aliyapata kwenye folda nyingine, jirani na ile ya kwanza, ambako yule fundi wa kale alikuwa ameweka nakala ya akiba. Ilimchukua nusu saa kuliona, na dakika moja kulibadili jina. Alasiri ile chumba kizima kilikuwa na mwanga wa samawati. Akavuta kiti, akakaa katikati ya mashine zake, akafungua chupa ya chai na kunywa taratibu, bila kumwita mtu. Kuna furaha ambazo mtu ana haki ya kuzila peke yake kwanza.

Ijumaa bodi ilikutana humohumo chumbani, kwa ombi la Hosiana. Waliingia watu saba, akiwemo mwenyekiti wao, Mama Eufrasia, muuguzi mstaafu mwenye sauti ya wodini. Sostenes naye alialikwa kuitetea taarifa yake. Alipoziona skrini kumi na mbili zikiwaka alisimama mlangoni.

"Hizi ndizo zilizoungua?" Mama Eufrasia aliuliza.

"Ndizo," Hosiana alijibu. Akawasomea ile mistari mitano kutoka daftarini, akawatafsiria, akawafungulia kasha moja waone mwanya mtupu. Mjumbe mmoja akauliza swali alilolitarajia: kadi zilikwenda wapi?

Donatus alisimama nyuma, kofia mkononi, akasema yote, hata habari ya dalali na jino la panya. Chumba kilijaribu kubaki na heshima kikashindwa. Wengi wa wajumbe wale wana ndugu migodini, na hakuna asiyemjua mtu aliyewahi kusaga kitu cha ajabu akitafuta dhahabu. Mjumbe mmoja alikiri kwamba marehemu baba yake aliwahi kutwanga redio.

Sostenes alisafisha koo. "Kitaalamu, hili lilikuwa jambo dogo tu. La kubadilisha mpangilio."

"Kama lilikuwa dogo, baba," Hosiana alisema, bila kupandisha sauti, "mbona halikutosha kwenye kurasa zako mbili? Uliona udogo wake baada ya kulikuta limekwisha. Wiki iliyopita lilikuwa kubwa kiasi cha kunitoa kazini."

Mama Eufrasia alimwambia Sostenes atoe kalamu, akampa taarifa yake, akamwonyesha mahali palipoandikwa "uzembe wa mhudumu".

"Kata hapo. Weka saini na tarehe. Kisha umwamkie huyu mama, maana naambiwa siku ile ulisahau."

Sostenes alikata mstari, akatia saini. "Shikamoo, Mama Esta."

"Marahaba, mwanangu. Karibu chai."

Alikaribia kweli, na alikaa mbele ya namba tisa karibu saa nzima, akiuliza maswali, rula mkononi. Donatus alipewa onyo la maandishi na akabaki getini. Mwalimu Herman alizunguka chumba akigusa skrini moja baada ya nyingine kama mtu anayehesabu ng'ombe waliorudi zizini, na alipofika kwa Hosiana alisema maneno mawili tu, "Nisamehe, Mama," akasamehewa, ingawa si papo hapo.

Jumatatu tarehe 2 Juni 2025 Hosiana Mageni alisaini mkataba wa miaka mitatu kama msimamizi wa chumba cha kompyuta, na tangu siku hiyo bodi ya shule haipokei taarifa yoyote ya kifaa kufa isiyoambatanishwa na kumbukumbu ya makosa ya kifaa chenyewe pamoja na saini ya Hosiana.